Magunia Mawili

Mwaka ule shule yetu iliacha kuwa shule tu.
Madirishani tulibandika karatasi nyeusi kwa gundi ya unga,
na mwanga wa mchana ukawa kitu cha kuombwa.
Mwalimu Tollefsrud, aliyetufunza sehemu za ua,
sasa alitufunza kujikunyata chini ya dawati,
mikono kisogoni, kinywa wazi kidogo
ili kishindo kisipasue masikio.
Kishindo hakikuja. Kwetu kaskazini ya Michigan
hata barua zilichelewa, sembuse mabomu.
Lakini kila Jumanne, saa nne na robo, kengele ililia
nasi tukaingia, nami nikahesabu chingamu
zilizogandishwa chini ya ubao:
kumi na saba, na moja yangu.

Karakana ilinuka rangi na gundi.
Wavulana wakubwa walichonga ndege, wakazipaka weusi,
wakazitundika kwa uzi ili walinzi wa anga wajifunze.
Arvid Kangas, aliyejikwaa akisoma jina lake mwenyewe,
alimtambua adui kwa mkia.

Ilipofika zamu ya sukari, masomo yalisimama siku tatu.
Walimu waliketi ukumbini, chini ya nyavu za mpira wa kikapu,
wakiandika vimo, uzito, rangi ya macho,
kama kwamba sukari huliwa kwa macho.
Mama alisimama mbele ya mwalimu wangu
na kofia ya kanisani, Kiingereza kikimkwama kooni.
"Nyumbani kuna sukari kiasi gani?"
"Ratili mbili."
Mimi niliyesaidia kuukokota mfuko
hadi nyuma ya pipa la viazi
niliangalia viatu vyangu.
Mwalimu aliniangalia mimi.
Kalamu ikasita.
Akaandika mbili.

Septemba tukapewa magunia ya vitunguu.
Kuna gugu huku, ukilivunja hutoa maziwa;
ng'ombe akilila huugua, mkulima akiliona hulilaani.
Usufi wenyewe ulikuwa Java, na Java imetekwa,
basi serikali ikakumbuka kwamba gugu nalo lina usufi,
na usufi huelea.
"Magunia mawili, koti moja," mwalimu aliandika ubaoni,
kisha akafuta neno koti
akaandika mtu.

Tulimwagika mashambani, vidole vikinata.
Uzio wa shule ulinenepa kwa magunia yanayoanikwa.
Kaka yangu Eino alikuwa melini,
katika bahari ambayo barua zake zilikatazwa kuitaja.
Nilijaza magunia kumi na moja.
Nikapiga hesabu: watu watano na nusu.
Usiku nikatoka na taa ya baba
kutafuta gunia la kumi na mbili,
maana ile nusu ya mtu
ilikuwa na masikio ya Eino.

Nililijaza. Nataka lijulikane hilo.

Simu ya maandishi ilikuja Februari, na theluji.
Ilisema meli. Ilisema hajaonekana.
Haikusema kama alikuwa amevaa koti,
wala koti lilikuwa la usufi wa nani.

Wiki iliyofuata mama aliingia darasani wakati wa mapumziko
akiukumbatia ule mfuko kama mtoto aliyelala.
Akauweka mezani kwa mwalimu.
Sukari ilikuwa imeshika unyevu, ikawa jiwe.
"Andika," mama akasema. "Andika upya."
Mwalimu Tollefsrud hakuchukua kalamu.
Alikwenda karakana, akarudi na nyundo,
akapasua kipande, akakitia katika kahawa yake ya chupa,
akamsogezea mama kikombe.
Walikunywa kwa zamu, bila neno,
mbele ya dirisha lisiloonyesha kitu.

Ilikuwa Jumanne. Kengele ikalia.
Mwalimu aliingia chini ya meza,
akasogea, akaacha nafasi.
Mama akavua kofia, akapiga magoti, akaingia,
mikono kisogoni,
kinywa wazi kidogo.